Ngozi ya mwanamke haiwezi kuokoa ngozi ya chui



Leo sitaongea mahindi wala mbolea. Nataka tuongee juu ya kampanye za kutetea wanyama, na juu ya swali ambalo wanawake wa nchi mbalimbali wanauliza zaidi ya miaka thelathini sasa: mbona watu wakitaka kumuokoa mnyama, wanaanza na kumvua mwanamke nguo?

Nianze na kusema fasi ninasimama. Mie niko mtu wa wanyama. Nilisoma agronomi, na kazi yangu ya kila siku ni kufuata wamama wenye kufuga kuku na mbuzi pembeni ya mji wetu wa Lubumbashi. Ninajua namna kuku wanafungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini ku kinga mpaka soko ya komini Kenya. Ninajua namna mbuzi wanapakiwa juu ya lori, siku mbili bila maji, na wengine wanafika wamekwisha kufa. Mtu akiniambia mnyama anasikia maumivu, sina ubishi naye. Ubishi wangu ni juu ya njia yenye anatumia kunishawishi.

Shirika lenye kujulikana zaidi mu mambo hii ni PETA, lenye Ingrid Newkirk na Alex Pacheco walianzisha Marekani mwaka 1980. Mwanzo wa miaka ya 1990 lilianza kampanye yenye kusema kwamba afazali kutembea uchi kuliko kuvaa manyoya ya wanyama. Wanamitindo na waigizaji walipigwa picha bila nguo, na picha zikazunguka dunia yote. Mu 1994 Naomi Campbell alikuwa kati yao. Kampanye iliendelea mpaka 2020, PETA ikatangaza kwamba inaifunga.

Lakini haikuishia ku manyoya. Mwaka 2009, mu mji wa Jacksonville, Marekani, walipandisha afishi kubwa ya mwanamke mnene mwenye nguo ya kuogelea, aliyeonekana mgongo tu, na maneno yenye kumfananisha na nyangumi mwenye mafuta mingi, kumuambia aache nyama. Watu walikasirika na afishi ikatolewa. Mwaka 2010 walimpiga picha Pamela Anderson na nguo ya kuogelea, mwili wake umechorwa mistari na majina ya vipande, sawa vile wachinjaji wanachora ng'ombe: paja, mbavu, titi. Wakubwa wa mji wa Montreal, Kanada, walikataa kutoa ruhusa ya kuizindua mbele ya watu, juu waliona inadharau wanawake. Mwaka 2012 wakatoa video ya msichana mwenye kuvaa kifaa cha kushikilia shingo, anatembea kwa shida, anaumwa. Maelezo yake: mchumba wake ameacha nyama, amepata nguvu mingi kitandani, njo maana msichana amekuwa vile. Ilikuwa mchezo wa kuchekesha.

Tusimame kidogo ku ile video. Mie niko Mkongomani. Mu nchi yangu, daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, na kazi yake ya kushona na kutunza wanawake wenye kubakwa ndiyo ilimletea zawadi ya Nobel mwaka 2018. Mwanamke mwenye kuchechemea juu ya kile mwanaume alimfanyia mwili wake, huku kwetu si kichekesho. Na sizani kwamba ni kichekesho ku Marekani pia. Kama unahitaji kucheka na maumivu ya mwanamke ili mtu aonee ng'ombe huruma, huruma yenyewe ni ya aina gani?

Wanawake wa kwanza kuuliza swali hilo hawakuwa maadui wa wanyama. Walikuwa ndani ya kazi ile ile ya kuwatetea. Mmoja wao ni Carol J. Adams, Mmarekani, mwenye kutoa kitabu mwaka 1990 juu ya uhusiano kati ya kula nyama na kutawala wanawake. Fikra yake, nikiisema kwa maneno ya kwetu, ni hii: ili umle mnyama bila kusumbuka, sharti kwanza umfute. Umkate vipande, umpatie jina lingine, usione tena kwamba alikuwa na macho. Na mwanamke naye, anasema, mara mingi wanamtendea vile vile mu picha na mu matangazo: wanaonyesha paja, wanaonyesha kifua, mtu mwenyewe hayuko tena. Sasa fikiria ile picha ya Pamela Anderson yenye mistari ya mchinjaji. PETA ilitaka kusema kwamba mnyama na mtu wana viungo sawa, kwa hiyo tuwahurumie wote. Lakini mwenye kupita mu barabara hakuona huruma. Aliona mwanamke mwenye kukatwa vipande kwa macho. Walitumia kisu kile kile chenye walisema wanakipinga.

Bon, hapa nataka kuongeza kitu cha kwetu, juu Adams alikuwa anafikiri kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ng'ombe akiwa hai ana jina moja, akifika ku sahani anapata jina lingine, na jina la pili linaficha la kwanza. Kwetu haiko vile. Sisi tunasema nyama eko mu pori, na nyama iko mu chungu, neno ni lile lile. Mtoto wa Katuba anamjua mbuzi kabla ya sikukuu, anamlisha maganda, na siku yenyewe anaona namna wanamchinja nyuma ya nyumba. Jioni anakula michopo bila kujidanganya kwamba imeota ku mti. Hakuna mtu wa kumfichulia siri.

Kwa hiyo nani anafichwa kwetu? Kwa maoni yangu, mwenye kufichwa ni mama. Yeye njo anaamka saa kumi na moja kufungulia kuku. Yeye njo anajua yupi hataki kula tangu jana, yupi anakohoa, yupi ameanza kuinamisha shingo juu ya ugonjwa wa Newcastle. Lakini siku mradi unafika na mafunzo ya ufugaji, wanaita baba, juu jina lake njo liko ku karatasi ya shamba. Siku ya kuuza mbuzi, mara mingi ni baba njo anapanga bei. Nimeona hii mara nyingi sana. Kazi ya mama iko mbele ya macho ya wote na hakuna mwenye kuihesabu.

Ndiyo maana ile afishi ya msichana uchi, ikiletwa huku kwetu, inamuficha mwanamke mara mbili. Kwanza inageuza mwili wake kuwa chambo cha kuita macho. Pili, inasahaulisha kwamba yeye anajua wanyama kuliko wengi wenye kuchora afishi. Inamuonyesha mwanamke pembeni ya mnyama, lakini mwanamke asiyefanya chochote.

Kuna wenzangu watajibu: sawa, ni mbaya, lakini inafanya kazi. Watu wanaangalia. Hapa nawaomba tuwe watu wa masomo. Mu Desemba 2013, watafiti watatu wa Australia, Renata Bongiorno, Paul Bain na Nick Haslam, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwaonyesha wanaume matangazo ya PETA yenye wanawake nusu uchi, na wengine wakaonyeshwa matangazo ya wanawake wale wale wakiwa na nguo. Wenye kuona picha za uchi walisisimka, ndiyo. Lakini nia yao ya kuunga mkono shirika ilipungua. Watafiti walieleza sababu: mwanaume mwenye kuona mwanamke mu hali ile anaanza kumuona si mtu kamili, na mwenye kuanza kufikiri vile hana moyo wa kusaidia kazi ya huruma. Mu agronomi tunasema mbegu haidanganyi udongo. Ukipanda zarau, usingojee huruma iote.

Tena angalia Naomi Campbell mwenyewe. Alikopesha mwili wake mu 1994, na mu 1997 alitembea mbele ya watu mu maonyesho ya Milan amevaa manyoya. PETA ikamtoa. Simlaumu yeye peke yake. Walimuomba ngozi tu, hawakumuomba imani, na ngozi njo aliwapa. Wengine watasema kampanye ilishinda juu manyoya yamepungua Ulaya. Ni kweli yamepungua, lakini Uingereza iliyakataa mashamba ya manyoya kwa sheria ya mwaka 2000, na jimbo la California lilipitisha sheria ya kukataza kuuza manyoya mapya mu 2019. Sheria zinatoka ku wabunge, ku wapiga kura na ku watu wenye kuandika barua miaka na miaka. Hatuwezi kuweka ushindi wote ule mu mfuko wa picha.

Kuna jibu lingine, na hili nalichukua kwa uzito zaidi: wale wanawake ni watu wazima, wamechagua wenyewe. Na wanaume nao wamevua, mchezaji wa basketi Dennis Rodman alionyesha chale zake. Tena, wanasema, Waafrika nao wanavua nguo kwa kuandamana, mbona hamuwalaumu wamama wa kwenu?

Tuanze na wamama. Mu Februari 1992, wamama wa wafungwa wa siasa walianza kugoma kula mu bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na fimbo na gazi ya machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Wamama wazee kati yao wakavua nguo mbele ya wale polisi vijana. Kila mwenye kukulia mu nchi zetu anajua maana yake. Mama mwenye umri wa kukuzaa akivua nguo mbele yako kwa hasira, hakuombi umuangalie. Anakufanya ugeuze macho. Ni laana, anakuambia umemchukulia kama si mama, haya, tazama kile umefanya. Wamama hawakuacha madai yao, na wengi wa vijana wao walifunguliwa mwanzo wa 1993.

Sasa linganisha. Mu Uhuru Park, mwenye nguvu alikuwa polisi, na uchi wa mama ulimpiga yeye. Mu afishi ya PETA, mwenye nguvu ni mtazamaji na pesa yake, na uchi wa msichana unampendeza. Na kuhusu Rodman, alisimama na misuli na chale zake, amebaki jitu. Hakuna mtu alimchora mistari ya mchinjaji. Siwalaumu wasichana wenye kukubali, mtu ana uhuru wa mwili wake. Ninaongea na wenye kuandaa kampanye, wenye kuchagua kila mara mwili wa aina moja, kijana, mwembamba, na siku wamechagua mwanamke mnene wamemuita nyangumi.

Sisi Wakongomani tuna sababu yetu ya ziada ya kuwa na wasiwasi. Mwaka 1897, ku Tervuren, Ubelgiji, Wakongomani 267 walipelekwa kuonyeshwa kwa watu mu maonyesho ya mfalme Leopold II. Saba walikufa kule kule na kaburi zao ziko mpaka leo. Mwaka 1906, kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa mu nyumba ya nyani mu zoo ya Bronx, New York, pamoja na orangutangi, watu waje wamtazame. Mwaka 1916 alijiua. Kwa hiyo mwaka 2005, PETA ilipozungusha picha zenye kuweka Weusi wenye kunyongwa pembeni ya ng'ombe wa machinjio na kuuliza kama wanyama ni watumwa wapya, Weusi wa Marekani walikasirika, na maonyesho yakasimamishwa kwa muda. Wenye kuandaa walisema hawakumshusha mtu, wanataka tu kumpandisha mnyama. Lakini mtu mwenye kwisha kuwekwa mu kizimba cha nyani hasikii maneno yale sawa mtu mwenye alikuja kumtazama. Na mwanamke mwenye kila siku anaitwa vipande mu nganda, kati ya chupa mbili, hasikii afishi ya mistari sawa mwanaume mwenye kukaa ku meza ile. Ni kosa moja: kuchukua watu ambao tayari walishushwa, na kuwatumia kama ngazi ya mnyama.

Je, kuna njia ingine? Iko, na haiko mbali. Niende ku Kenya, sasa ile ya Nairobi, si komini yetu.

Tangu 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya kwa ruhusa ya serikali, yakafika manne. Ngozi zilikuwa zinaenda Uchina kutengeneza dawa yenye kuitwa ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku, wakachinjwa mu pori, ngozi ikachukuliwa, mwili ukaachwa. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ilionya kwamba kwa mwendo ule punda wangeweza kuisha mu 2023. Watu wa PETA pia walipiga video ya siri ndani ya machinjio na kuonyesha punda wakipigwa. Niseme wazi: ile kazi ilikuwa nzuri. Shirika lile lile, likiacha kuvua watu nguo na kuonyesha jambo lenyewe, linasaidia.

Lakini kile kilinigusa ni namna mashirika ya punda na wenye punda wenyewe waliongea. Hawakusema tu "punda anaumia". Walisema punda akiibwa, mzigo wake hauondoki, unahamia ku kichwa cha mwanamke. Maji, kuni, gunia la mahindi, vyote vinarudi ku shingo yake, na binti wa nyumba anachelewa masomo. Maumivu ya punda na uchovu wa mama vikasimama pamoja mu sentensi moja, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mu Februari 2020 waziri Peter Munya alitangaza kufunga biashara ile. Mwaka uliofuata korti ilivunja uamuzi wake, kwa hiyo haikuwa barabara nyoofu. Lakini mazungumzo yalikuwa yamevuka mipaka, na mu Februari 2024, ku Addis Ababa, wakubwa wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mu bara zima kwa miaka 15. Sijaona afishi moja ya uchi mu safari ile yote.

Nasema haya yote juu jambo limekwisha kufika mlangoni. Kikundi kimoja cha vijana wa hapa mjini kiliniomba maoni juu ya mradi wao wa kupinga nyama ya pori na ngozi zenye kutoka mu mbuga za Upemba na Kundelungu. Nia yao ni safi, na Upemba inahitaji watetezi, ni fasi ya mwisho ya punda milia mu nchi yetu. Lakini mchoro wao ulikuwa msichana uchi, amepakwa madoa ya chui.

Niliwauliza kitu kimoja: huku kwetu nani anavaa ngozi ya chui? Sisi wote tunakumbuka kofia ya Mobutu. Tunaona wakubwa wa kimila siku ya sherehe. Chui kwetu ni nguo ya mamlaka, na mwenye kuivaa ni mwanaume mwenye kiti. Msichana wa miaka ishirini hana chui, hakuua chui, na hana pesa ya kumnunua. Yeye njo mnamvua? Na juu ya nyama ya pori, kila mtu anamuona mama mwenye kuuza vipande vilivyokaushwa, anamkimbiza, anamnyang'anya. Mwenye bunduki hayuko mu soko, na mwenye kuagiza kwa telefone anangojea nyumbani. Afishi ya kweli ingeongea na hao wawili, na ingemuuliza yule mama atauza nini kesho kama leo ataacha. Hapo njo kazi yetu sisi wa agronomi inaanza: sungura, kuku, bata, samaki wa bwawa. Kumpatia yule mama majike kumi na chanjo, na kumfuata mwaka mzima, kutaokoa nyama wa pori wengi kuliko afishi mia.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa wote wenye kuandaa kampanye, wa association yetu na wa zingine. Kabla ya kutoa picha, uliza: huyu mwanamke anafanya nini hapa? Kama jibu ni "anaonekana tu", mpatie kazi yake ama umtoe.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa, na mu kata zetu watoto wanaumwa na mbwa kila msimu. Tunaweza kuanza pale. Ningependa afishi ya mama wa Katuba mwenye kumshika mbwa wake kwa kamba, amevaa kikwembe chake cha kila siku, na dada yetu moja daktari wa mifugo anachoma sindano. Chini tuandike fasi, saa na bei ya chanjo, kwa herufi kubwa, juu hiyo njo watu watatafuta.